Mifugo ya Adeer Kerrow

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Bwana Kerrow Mohamednoor atakabidhi ufunguo wa chumba cha samaki hapa Kituo cha Utafiti wa Tiba cha Tana Mashariki, Garissa, na kustaafu. Ufunguo huo ameufunga kwenye kamba ya ngozi ya ngamia tangu siku aliyopewa, na ameshatuarifu kwamba kamba haiachi. Ufunguo ni wa kituo, kamba ni yake.

Mimi ni Tiya Sake wa maabara ya jeni, jirani yake mlango kwa mlango kwa miaka kumi. Kamati ya hafla iliponipa kazi ya kuandika wasifu huu ilitoa masharti mawili: usiwe mrefu, na usiwe na chumvi. La kwanza naona limeshanishinda. La pili nitajitahidi, ingawa kwa mtu kama Kerrow ukweli wenyewe una chumvi ya kutosha.

Kwanza jina. Kituoni hakuna anayemwita Bwana Kerrow isipokuwa barua za makao makuu. Sisi sote humwita Adeer, yaani ami kwa Kisomali. Hata mkurugenzi wetu, Daktari Naimo Duale, ambaye ndiye bosi wake, humwita Adeer katikati ya mkutano, kisha humkatalia maombi yake ya vifaa kwa heshima zote.

Adeer ni mtoto wa Hulugho, wa nyumba ya ngamia na ng'ombe. Alipozaliwa, kama desturi ya kwao ilivyo, kitovu kilipofungwa alitengewa ngamia jike awe wake. Ngamia wa kitovu hauzwi ovyo. Watoto wake ni wako, na watoto wa watoto wake ni wako. Wa Kerrow aliitwa Gorayo, yaani mbuni, kwa sababu ya shingo. Gorayo akamzaa Deero, yaani swala, na Deero akamzaa Haredo, jina la maji ya mvua yaliyotuama safi juu ya jiwe. Naomba msomaji ayashike majina hayo matatu, maana yatarudi, na yatarudi yakiwa na mapezi.

Alisomea afya ya mifugo, na mwaka 1996 kituo kikamwajiri. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na sanduku la barafu akitoa damu mbuzi na ngamia kwa ajili ya utafiti wa magonjwa. Alifika Mandera, akafika Takaba, na huko Takaba dume moja la ngamia lilimlia kofia ya serikali akiwa ameivaa. Aliandika barua ya kuomba kofia nyingine, na kwenye nafasi ya sababu akaandika, "Imeliwa." Kofia ya pili hakupata hadi leo.

Kisha ukaja mwaka 2011. Kituo kilifungua chumba cha samaki wa utafiti, na kilihitaji mtu anayejua wanyama. Waliangalia huku na huku, macho yakamwangukia Kerrow. Mnyama ni mnyama, walimwambia. Hakuwa ameshika samaki maishani mwake. Siku ya kwanza alisimama mbele ya tangi akawatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa dhati kabisa alama tutawawekea wapi, maana masikio hayaonekani.

Kwa wageni wetu: samaki hawa huitwa samaki-pundamilia, kwa mistari yao. Ni wadogo, hawafiki urefu wa kidole. Ubora wao ni kwamba mayai yao ni angavu, hivi kwamba kijisamaki cha siku mbili ukikiweka chini ya hadubini unaona moyo wake ukipiga kama unaangalia saa iliyofunguliwa kifuniko. Jeni zao nyingi zina wenzao katika mwili wa binadamu. Kwa hiyo tangu mwaka 2016 tumekuwa tukihariri jeni zao: kwa sindano nyembamba ya kioo tunaingiza ndani ya yai kitu kinachofanya kazi ya mkasi, kikate jeni moja tuliyoichagua, kisha tunaangalia kitakachoharibika. Sisi hukata jeni moja inayosimamia mapigo ya moyo, kwa sababu kuna watoto wanaozaliwa na kasoro hiyo, na tunatafuta dawa ya kuunyoosha moyo wao. Sindano ni yetu sisi wa maabara. Lakini yai lenyewe, na samaki aliyelitaga, na maji anamoishi, vyote hivyo vimekuwa mikononi mwa Adeer.

Shehe mmoja wa mtaa alikuja kutuuliza kama hatubadilishi uumbaji. Ilikuwa zamu ya Adeer kuzungumza na wageni. Alimwambia kwamba hatuumbi chochote. Tunafanya kama fundi wa pampu ya kisima anayefungua pampu moja kuukuu ili ajue zile za watu zinaharibikia wapi. Shehe aliridhika, ila akataka ahadi kwamba hakuna hata mmoja atakayefika Mto Tana. Adeer aliiweka ahadi hiyo, na sheria yenyewe inasema hivyo hivyo: samaki aliyehaririwa jeni hatoki nje ya chumba, awe hai au amekufa. Kwa miaka yote hii hakuna aliyetoka.

Joto la Garissa mnalijua. Samaki-pundamilia anapenda maji ya uvuguvugu, hapendi kupikwa. Umeme ulipokuwa ukikatika na jenereta kugoma, Adeer aliyafunika matangi kwa magunia yaliyoloweshwa, kama tunavyofanya nyumbani kwa madumu ya maji ya kunywa, na kuyamwagia maji kila yanapokauka. Wageni kutoka vyuo vikubwa walipiga picha magunia yetu zaidi kuliko walivyopiga picha mashine.

Na walipiga picha mlango pia. Samaki hawa hushtuka kwa kishindo, na samaki aliyeshtuka hatagi. Kwa hiyo Adeer alichukua rangi nyekundu akaandika mlangoni, kwa herufi kubwa, kama anavyotamka: INGIA BOLE BOLE. Mimi ulimi wangu wa Kiborana hauna haki ya kumcheka mtu, kwa hiyo nilinyamaza. Mtafiti mmoja kutoka Adis Ababa alituuliza kwa upole kama chumba kina uhusiano wowote na uwanja wao wa ndege, ambao nao huitwa Bole. Ofisi ilitaka kupaka rangi upya, Daktari Naimo akakataa. Kibao kipo, na kitabaki.

Kuhusu kula samaki, jibu ni hapana. Alipelekwa Kisumu kwa mafunzo, akaletewa sato mzima mwenye kichwa na macho. Walioketi naye wanasema aliangaliana na yule samaki kwa muda, akamfunika kwa ugali taratibu kama anayemfunika mtoto aliyelala, akala sukuma wiki. Alipoulizwa, alisema, "Mimi siwezi kula mtu ya kazi moja na mimi."

Sasa nifike kwenye kosa lililotupa majina. Zamani kidogo matangi makuu yalikuwa mawili. Moja liliandikwa P, kwa maana ya pori, yaani samaki ambao hatujawagusa. La pili liliandikwa B, kwa maana ya badiliko, yaani wale waliokatwa jeni ya moyo. Kwa macho samaki hao hawana tofauti hata kidogo. Mistari ni ile ile, mwendo ni ule ule. Aliyebuni herufi hizo hakuwa mtu wa huku, na Mungu amsamehe, kwa sababu kwa nusu ya wafanyakazi wetu P na B ni herufi moja yenye sura mbili.

Siku moja ya Jumatano Adeer alikuwa Soko la Mifugo wakati alipokumbuka kwamba tangi la P lilikuwa limeanza kuvuja. Akampigia simu msaidizi wake, Abdihafid, kijana wa Mandera. Maneno yake yamehifadhiwa na historia: "Tangi ya bii inafuja. Samaki ya bii, weka yote kwa ile tangi mbya. Bole bole." Abdihafid alisikia B, akawahamisha samaki wa B. Kisha, kwa kuwa pia ana macho, akaona kwamba linalovuja ni P. Akawahamisha na wale. Wote kwenye tangi jipya, salama salimini, hakuna aliyekufa, na hakuna binadamu aliyeweza kumtofautisha aliyekatwa jeni na asiyekatwa.

Njia ya kuwatenganisha ilikuwa moja tu: kumkata kila samaki kipande kidogo cha pezi, ambacho huota tena, na kukipima, huku samaki mwenyewe akisubiri majibu peke yake kwenye chombo chake. Vyombo havikutosha. Tulichukua vikombe vyote vya kantini, na kwa siku kadhaa Garissa nzima ilikunywa chai isipokuwa sisi. Vikombe hivyo kantini haikuvitaka tena, na siilaumu.

Kwenye kikao cha kutafuta suluhisho Daktari Naimo alileta wazo la vibandiko vya mistari vinavyosomwa na mashine. Abdihafid alikuwa ameinamisha kichwa, akingoja kulaumiwa. Adeer akasimama akasema, "Daktari, mimi ulimi yangu ni hii moja, habana ingine. Wacha tubadilishe jina ya tangi, huyu kijana awachwe." Kisha akaeleza kwamba katika maisha yake hajawahi kuona mtu akimchanganya ngamia kwa sababu ya kutamka vibaya. Ngamia ana jina lake, mama yake ana jina lake, na bibi yake ana jina lake, na mtoto wa miaka saba anaweza kukuhesabia ukoo huo bila kumeza mate.

Basi samaki wa pori wakaitwa Gorayo, maana ndio mama wa wote. Waliokatwa jeni ya moyo, watoto wao, wakaitwa Deero. Baadaye tulipokata jeni ya pili, ile ya rangi, kwenye mayai ya Deero, tukapata samaki wasio na mistari, angavu hata ukubwani, ambao unaona moyo wao kwa macho matupu wakipita mbele ya taa. Hao Adeer aliwatazama kidogo tu akasema hawa ni Haredo, na hakuna aliyebisha. Mimi nilipendekeza angalau tangi moja lipewe jina la ngamia wa Kiborana, maana ngamia wa kwetu Wajir wanajulikana. Kura yangu ilikuwa moja, ikabaki moja. Vibandiko vya Daktari Naimo viliwekwa pia, chini ya majina, na mpaka leo vinafanya kazi kwa amani. Majina yale hayana P hata moja.

Ukoo wa Haredo ndio uliotupa heshima kubwa. Ni kwa samaki hao tuliona kwa mara ya kwanza dawa ikiukamata moyo unaoruka pigo na kuuweka sawa kwa muda. Ni hatua ya samaki, bado si ya watoto, na Daktari Naimo amenionya nisiseme zaidi ya hapo. Lakini siku ile Adeer alitoka nje, akaswali rakaa mbili kwenye kivuli cha tangi la maji, akarudi kuwalisha.

Wasifu ungeishia hapa kama si Ayeyo Khadijo.

Ayeyo, yaani bibi kwa Kisomali, ni mama yake Adeer, ana zaidi ya miaka themanini, na anaishi Hulugho. Kila Ijumaa baada ya swala hupiga simu, na kwa kuwa sikio la Adeer moja lilichoshwa na jenereta, simu yao huwa ya sauti ya juu na ukuta wetu ni wa mbao. Mazungumzo ni ya Kisomali, lakini huwezi kufanya kazi Garissa miaka kumi usielewe Kisomali cha mama anayeuliza hali. Ayeyo huuliza kama mifugo ni wazima. Wazima, alhamdulillahi. Wamekunywa? Maji wanayo tele. Fisi hawasumbui? Fisi hakuna. Kupe? Hakuna kupe hata mmoja. Wamezaa? Haredo amezaa, mama. Na mimi upande wa pili wa ukuta nimeuma kitambaa nisisikike nikicheka.

Hakusema uongo hata siku moja. Lakini hakuwa amesema samaki, na sababu yake si ya kuchekesha. Mwaka ule ule aliohamishiwa chumba cha samaki ndio mwaka ukame ulipofyeka mifugo ya Hulugho. Kaka yake alimpigia kumwambia kwamba zizi limeisha, Haredo naye ameanguka. Siku chache baadaye mama yake akapiga, akamwambia ahimidiwe Mola, angalau wewe mwanangu una mifugo mikononi. Huko kwao samaki hahesabiwi kuwa mnyama. Kuishi na samaki ni jambo la kumtania mtu aliyefilisika ngamia wake. Na kwa Kisomali neno la mifugo ndilo neno la mali. Angemwambiaje mama aliyepoteza kila kitu kwamba mwanawe naye amebaki na samaki? Akasema mifugo ni wazima, na neno likitoka limetoka. Miaka ikapita juu yake, na majina ya zamani yalipoanza kutajwa kwenye simu, Adeer alidhani mama anayachukulia kuwa ya mifugo mipya.

Mwaka huu, baada ya Idi, Ayeyo alipiga akiwa na furaha. Amesikia mwanawe anastaafu. Amesimamia mwenyewe ujenzi wa boma la miiba, miiba mibichi, lango pana, na sehemu ya pembeni ya ndama. Alete mifugo yake nyumbani.

Adeer alikuja kwangu na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. "Tiya," alisema, "mama imejenga boma. Mimi nitabeleka nini?"

Nilimwona mtu mzima, mwenye vyeti ukutani, akiwa na hofu ya mtoto. Hakuogopa kucheka kwa watu wa Hulugho. Aliogopa kwamba mama yake, katika siku zilizobaki, angemhesabu mwongo, na kwamba miaka yake yote aliyoamka alfajiri kulisha na kutibu ingekuwa, machoni pa mtu mmoja ambaye hukumu yake aliijali, si ufugaji hata kidogo. Samaki asingeweza kumpeleka hata mmoja, sheria hiyo aliilinda yeye. Nilimshauri aseme kwenye simu. Ijumaa ilifika, akasafisha koo, akasema Deero naye amezaa. Ijumaa iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Nilitamani kubomoa ule ukuta.

Ayeyo hakungoja. Mwezi uliopita alipanda lori la mjukuu wake Deeq, mtoto wa dada yake Adeer, anayeleta mbuzi Garissa siku za soko na hupita kituoni kumsalimia mjomba wake, akashuka kwenye lango letu akiwa na fimbo ya kuchungia na kamba mpya ya kuongozea ngamia. Alisema amekuja kuwaona kabla hawajaanza safari. Askari wa lango alinipigia mimi, kwa sababu Adeer alikuwa chumbani na simu aliizima.

Tulimleta. Alinawa, akavaa viatu vya maabara juu ya vya kwake, akaingia bole bole bila kusoma kibao. Adeer aligeuka akamwona mama yake katikati ya matangi na kamba mkononi. Daktari Naimo alikuwepo, Abdihafid alikuwepo, na Deeq alisimama mlangoni akiangalia viatu vyake. Kisha Adeer alimvutia mama kiti, akapiga goti kando yake, akasema, "Mama, hawa ndio mifugo yangu. Sina wengine."

Ayeyo alisogeza uso kwenye kioo. Akauliza huyu ni nani. Adeer akajibu kwamba ni Gorayo, mama wa wote. Na hawa? Deero, binti wa Gorayo. Na hawa wanaopita kama maji? Haredo, binti wa Deero, bint Gorayo. Aliwataja kizazi kwa kizazi, nani alizaliwa na nani, nani aliugua na akapona, sauti ikitetemeka mwanzo kisha ikikaa sawa, kama kijana anayesimama mbele ya wazee kuonyesha kwamba anaujua ukoo wa mifugo ya baba yake. Ayeyo alimsikiliza hadi mwisho. Hakumkatiza.

Abdihafid akaweka kijisamaki cha siku mbili chini ya hadubini, tukamsaidia bibi kuinama. Alitazama kwa muda. Akasema, "Moyo wa huyu unaruka." Adeer akamwambia ndivyo, ndio ugonjwa wenyewe, kuna watoto wa watu wana moyo kama huo na tunatafuta dawa yao. Ayeyo hakuondoa jicho. Akasema, "Basi unachunga wagonjwa. Baba yako pia alikuwa hawaachi nyuma wagonjwa."

Kisha akainuka, akamtazama mwanawe, akasema maneno ambayo bado yanasimuliwa kantini: "Kerrow, ngamia gani anazaa kila wiki?"

Alijua. Alijua tangu miaka mingi. Ngamia hubeba mimba mwaka na zaidi, na mama wa Hulugho huwezi kumwambia Haredo amezaa leo, kisha amezaa tena Ijumaa ijayo, ukadhani hasomi kalenda. Alimkamata Deeq akamuuliza, na Deeq akasema kila kitu. Tulipomgeukia alijitetea kwa Kiswahili ili sote tuelewe: "Ayeyo ameniuliza. Mimi naogoba yeye kuliko bolisi." Ayeyo alinyamaza kwa sababu alitaka mwanawe aseme mwenyewe, na, hili alilisema akicheka kidogo, kwa sababu alizipenda zile simu. Hakuna mama mwingine Hulugho ambaye mifugo ya mwanawe haikujua kiu wala fisi.

Adeer alikuwa bado amepiga goti. Akamuuliza: kama ulijua, boma ulimjengea nani?

Hapo ndipo tuliposikia lile ambalo hata Deeq alikuwa ameapishwa asiseme. Haredo alianguka kweli mwaka ule wa ukame, lakini alikuwa na ndama jike aliyekuwa bado ananyonya. Dada yake Adeer, Sahra, alimlea yule ndama kwa maziwa ya mbuzi, akimnywesha kwa chupa kama mtoto. Ndama wa ukame hatangazwi, maana leo yupo na kesho hayupo. Hata alipopona, Ayeyo alipanga kusema siku atakapozaa. Lakini siku moja mwanawe akapiga simu akasema Haredo amezaa, na mama akashtuka, akidhani kuna mtu amevujisha siri. Alipokuja kujua ni samaki, na kwamba mwanawe aliwapa samaki wale majina ya ngamia wake aliodhani wamekwisha, aliamua kunyamaza naye. Wewe umenifichia mifugo yako, na mimi nitakufichia yako, alisema. Yule ndama sasa ni mama. Kundi si kubwa, lakini ni ukoo wa Gorayo, ni mali ya Kerrow, na kwa miaka yote hii Sahra na mama yake wamekuwa wakimchungia.

Mvua za mwaka jana alizaliwa ndama jike mwingine, mweupe. Sahra aliuliza aitwe nani. Ayeyo akasema aitwe Kalluun.

Kwa wageni wetu, kalluun kwa Kisomali ni samaki. Kisimani Hulugho, ambako watu wanatania kwa samaki, kuna bibi wa miaka themanini anayeita kwa sauti mbele ya wachungaji wote, "Kalluun, njoo," na ngamia anakuja. Walicheka, Deeq anasema, kisha wakazoea.

Adeer alilia. Mimi pia nililia. Daktari Naimo alitoka nje akisema anaenda kuangalia jenereta, ingawa umeme ulikuwepo. Samaki nao walishtuka kwa kelele zetu na hawakutaga siku ile, na ndiyo siku pekee ambayo Adeer hakumkaripia mtu kwa jambo hilo.

Ufunguo utapokewa na Abdihafid, ambaye sasa akiambiwa jambo kwenye simu hulirudia mara mbili. Na kuna ukoo mpya wa samaki, watoto wa Haredo, waliohaririwa jeni ya tatu. Wameanguliwa wiki iliyopita na tangi lao lilikuwa halina jina. Tulipiga kura, na safari hii hata mimi sikutetea Wajir. Wataitwa Kalluun. Daktari Naimo aliuliza kama ni busara ya kisayansi kumwita samaki Samaki. Tulimweleza kwamba hilo si jina la samaki, ni jina la ngamia.

Kwa niaba ya wenzako wote, Adeer, asante. Asante kwa magunia, kwa mlango, kwa kumkinga kijana siku ya vikombe, na kwa kutufundisha kumwita kila kiumbe kwa jina la mama yake. Mola akupe afya, malisho na miaka mirefu bomani. Hawa wa huku tutawachunga sisi, na Ijumaa baada ya swala tutakupigia kukuambia nani amezaa. Wewe nenda bole bole. Kalluun anakungoja langoni.